Bwawa Juu ya Mibuni

Kila ninapobadilisha treni Västra skogen, naangalia ukuta. Stesheni hiyo imechongwa ndani ya jabali, chini kabisa ya ardhi, na karibu na mwisho wa jukwaa kuna mahali ambapo maji huchuruzika juu ya mwamba bila kukoma. Mwenzangu mmoja wa chuo aliwahi kuniambia kwamba Stockholm yote imekaa juu ya jiwe kongwe lisilo na pa kwenda. Alitaka nitulie. Mimi nikabaki nikijiuliza maji yale yanatoka wapi, na kama wiki iliyopita hayakuwa membamba kuliko leo.

Ndivyo nilivyo, na nyumbani wanajua. Hallonbergen, ninakopanga chumba, niliwahi kumpigia simu msimamizi wa jengo kumweleza kuwa lifti imeacha kupiga kelele. Kumbe ilikuwa imetengenezwa. Mdogo wangu wa kike humsimulia kila mgeni habari hiyo, kwa Kiswidi, lugha anayomjibia mama hata anapoulizwa kwa Kiswahili kama amekula. Wageni hucheka, nami hucheka nao. Kwa hiyo mwaka huu nilipoanza kusema kwamba kuna kilima India kinachonitia hofu, hakuna aliyeweka kijiko chini.

Kilima hicho kiko Kodagu, kusini mwa India, katika ile safu ndefu ya vilima inayopakana na pwani ya magharibi. Nilikaa huko tangu Januari hadi Aprili nikikusanya data za tasnifu yangu, iliyohusu miti ya kivuli katika mashamba ya kahawa. Nilitarajia shamba, nikakuta msitu. Mibuni imejipanga chini, gizani, na juu yake kuna mifenesi, mikuyu, na miti ya mbao nyekundu yenye mashina ambayo watu wawili hawawezi kuyakumbatia. Hondohondo wakipita juu, mabawa yao yanasikika kama mtu anayekung'uta mkeka. Wako kindi wakubwa kama paka, wenye migongo ya rangi ya matofali. Tembo huja mafenesi yanapoiva. Asubuhi unakuta kinyesi chao njiani, kimejaa mbegu, na hakuna aliyesikia hata tawi likivunjika. Hilo ndilo lililoninyima usingizi wiki za mwanzo: mnyama mkubwa kiasi kile, na ukimya kiasi kile.

Mwenye shamba alikuwa mjane aliyepita umri wa mama yangu kidogo. Kule mwanamke yeyote anayekuzidi umri ni anti, na mimi nilimwita hivyo. Alinipa chumba cha nyuma, akanilisha wali na maharagwe na achari ya limau, na siku ya kwanza tu akaniambia, kwa Kiingereza chake cha haraka, "Umekuja kuhesabu miti yangu? Haya, hesabu. Ukimaliza uniambie upi unaninyima usingizi, maana mimi sijui."

Alikuwa mtu mwema. Natanguliza hilo, kwa sababu mtu akisikia habari ya nyumba za wachumaji wa kahawa chini ya kilima huharakisha kumtafuta mkosaji.

Mbuni hauchanui hivi hivi. Mavuno yakiisha, hukaa na matumba ya maua yamefumba kama ngumi, ukingoja mvua moja tu. Mvua hiyo ikinyesha Februari au Machi, siku chache baadaye kilima kizima kinageuka cheupe na kunukia yasmini, hata nguo kwenye kamba zinanukia, na nyuki wanakuwa wengi hadi unausikia mlio wao ukiwa ndani ya nyumba. Kisha maua huanguka. Kwa siku hizo chache mwaka mzima umeshaamuliwa. Mvua ile isipokuja, hakuna kahawa.

Na siku hizi haina uhakika. Basi wenye mashamba wamejifunza kujitengenezea mvua. Wanachimba bwawa, wanalijaza maji ya mvua kubwa za Juni hadi Septemba, na Februari ikiwa kavu wanayarusha juu ya mibuni kwa vinyunyizio hadi miti idanganyike na kuchanua. Marehemu mume wa anti alilichimba bwawa lao juu, begani mwa kilima, ili maji yateremke yenyewe bila kula dizeli. Chini ya bwawa aliondoa miti ya zamani akapanda mgrivilea, mti uleule ulionyooka ambao watu wa Kenya na Uganda huupanda mipakani mwa mashamba, kwa sababu mbao zake zina soko na pilipili manga hupenda kuupanda shina. Chini ya migrivilea kuna mibuni. Chini ya mibuni, penye tambarare ndogo kando ya barabara, kuna nyumba za wachumaji, vyumba vilivyopangwa chini ya paa moja refu. Wanaviita laini, kama vinavyoitwa kwenye mashamba ya kwetu.

Mara ya kwanza niliposimama ukingoni mwa bwawa, nilitazama vidole vya miguu yangu, na moja kwa moja chini yake nikaliona paa la laini. Mwanamke mmoja alikuwa akianua nguo. Nilirudi nyuma hatua kadhaa, kana kwamba uzito wangu ndio pekee uliobaki ili kilima kiporomoke.

Mwaka huu mvua ya maua haikuja. Anti alifungua bwawa, vinyunyizio vikazunguka mchana kutwa, na wanawake wa laini wakapita chini yake wakijifunika kanga zao za pamba na kutukanana kwa furaha. Kilima kikawa cheupe. Nilikuwa nikitembea katika weupe ule, kwenye njia iliyo chini ya bwawa, nilipouona ufa. Ulikuwa umejipinda kama mundu, ncha zake zikielekea chini. Niliingiza mkono hadi kwenye kifundo. Hewa ya ndani ilikuwa baridi.

"Ardhi ya kiangazi hiyo," anti alisema nilipomwonyesha. "Inapasuka, mvua inaifunga. Kisigino changu nacho kimepasuka. Utakiandikia ripoti?"

Huenda alikuwa sahihi. Lakini nyufa za ukavu hutawanyika huku na huko kama za sahani kuukuu. Ule ulikuwa mmoja, na ulikuwa umeshachagua upande.

Nilirudi Stockholm, nikamaliza tasnifu, nikapata shahada, na kwa kuwa bado sijapata kazi niliyosomea, nauza kahawa kwa saa chache kwa wiki katika kituo cha maduka cha Skärholmen. Nachota mbegu kutoka kwenye mitungi, napima, nasaga. Mtungi mmoja umeandikwa India, basi. Wateja huniuliza kama ina ladha ya chokoleti. Nawajibu ndiyo, huku nikiwaza kuhusu paa refu lenye nguo zinazoanikwa mbele yake.

Juni, jua la huku likakataa kuzama, na kule mvua kubwa ikaanza. Anti ana desturi aliyoachiwa na mumewe: siku ya mvua ya kwanza kubwa huenda mwenyewe kuziba mlango wa kutolea maji ya bwawa kwa udongo wa mfinyanzi na magunia, na kuwasha taa ya mafuta juu ya ukuta wake. Alinitumia picha ya taa ile. Nilimpigia simu papo hapo.

"Anti, mwaka huu usilijaze."

"Nani kakwambia?"

"Ule ufa."

"Ufa umejifunga. Nimeupita jana, umejaa maji tu."

Alilisema hilo kama habari njema. Nilikaa kitandani nikitafuta maneno ya kumweleza kwamba maji yaliyo ndani ya ufa hayafungi kitu, yanashuka na kulainisha kile kinachoshikilia. Nilimweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, nampa haki yake.

"Mwanangu," alisema, "maji haya nikiyamwaga, Februari nitamwagilia nini? Machozi?"

"Basi wahamishe watu wa laini. Siku za mvua nzito tu."

Akacheka kidogo. "Sweden imekufundisha kuogopa mvua, na theluji je? Haya. Siku za mvua nzito."

Alitimiza. Julai mvua ilipotangazwa kuwa kali, aliwahamishia watu wa laini katika ghala la kahawa upande wa pili wa barabara, wakalala juu ya magunia na watoto na kuku. Ilinyesha kweli. Mimi niliharibu oda mbili kazini, nikamsagia mzee mmoja kahawa ya birika, inayotaka chengachenga, kuwa unga laini. Kisha mvua ikapungua, na kilima kilikuwa palepale. Magunia yalikuwa yamelowa, mbwa walikuwa wamekula kuku, na wanawake wa laini, anti alinieleza, walikuwa wakiulizana huyo msichana mweusi aliyeota ndoto mbaya Ulaya ataota nini tena. Walirudi nyumbani kwao. Anti aliacha kunitumia picha kwa majuma kadhaa.

"Sasa umeshampigia simu msimamizi wa lifti wa India," mdogo wangu alisema, na safari hii alisema kwa Kiswahili, ili inichome vizuri.

Mama hakucheka. Mama ni Mgisu, kutoka miteremko ya Mlima Elgon upande wa Uganda. Kiswahili ndicho kilichomkutanisha na baba, Mkongomani, na kikabaki kuwa lugha ya nyumba hata baba alipohamia mji mwingine. Anafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao. Kwao walilima kahawa na kuiuza yote, hawakuinywa. Kuinywa amejifunza huku, kwa wazee wake wa Kiswidi. Habari za mlima wao alikuwa hajawahi kutusimulia zaidi ya kwamba ndizi zake zilikuwa tamu. Kila nilipotaja kilima cha anti, aliinuka kuosha kikombe.

Mwishoni mwa Agosti anti alinitumia video. Nadhani alitaka tupatane. Nilikuwa Hjulsta kwa mama, Jumapili, baada ya chakula, na tuliitazama pamoja. Bwawa limejaa hadi ukingoni, maji ya rangi ya chai ya maziwa. Ukungu. Sauti ya anti nyuma ya simu: "Ona, maua yako ya mwakani yote yamo humu." Kisha aliteremka kwenye njia, mguu kwa mguu, akituonyesha ruba wanavyompanda viatuni, na kamera ikapita kwenye migrivilea. "Pilipili imebeba sana mwaka huu," alisema, "hadi inainamisha miti. Nimewaambia vijana waipunguze, na ule mwembamba wameuegemeza nguzo."

Niliisimamisha video hapo. Ile miti nilikuwa nimeipima mimi. Mgrivilea hauinami, ndiyo maana watu huupanda. Na haikuwa mmoja au miwili. Safu nzima ilikuwa imeinama, yote upande mmoja, wa chini. Kati ya miti miwili kulikuwa na shina la pilipili lililonyooka kama kamba ya nguo hadi likakatika, kana kwamba mti mmoja ulikuwa umeuaga mwingine.

"Rudisha," mama alisema.

Nilirudisha.

"Wameuwekea nguzo," alisema.

"Anadhani ni uzito wa pilipili."

Mama alikuwa na kikombe mkononi. Hakuinuka. "Sisi tulidhani ni uzito wa kahawa," alisema. "Mibuni yetu ya juu iliinama mwaka ule, na ilikuwa imebeba kweli, myekundu tupu. Tukafurahi. Mbuni uliobeba unaegemezwa mti wenye panda, kila mtoto anajua. Dada yangu mkubwa na mimi tulikata panda mchana kutwa. Tuliegemeza kahawa juu ya mlima uliokuwa unatembea."

Mdogo wangu alikuwa ameacha simu yake. Aliuliza, kwa Kiswahili, polepole, "Halafu?"

"Halafu mimi nilitumwa sokoni," mama alisema. "Yeye alibaki amalizie safu."

Hatukuwa tumejua kwamba mama alikuwa na dada mkubwa.

Nilipiga simu. Haikupatikana. Mvua ikizidi kule, umeme hukatika na mnara wa simu hufa nao. Nilipiga tena, na tena, huku mama akitazama ile picha iliyosimama ya mti na nguzo yake. Sikuwa na la kuwaza, na kwa mtu kama mimi hiyo ni hali ya kutisha kuliko mawazo yenyewe. Anti alipopokea, sauti yake ilikuja vipandevipande.

"Anti, haiinamishwi na pilipili. Safu nzima imeinama kuelekea chini. Kilima ndicho kinachokwenda. Watoe watu leo."

"Hawatatoka." Hakubisha safari hii, na hilo liliniogopesha zaidi. "Nilishawafanya wajinga mara moja. Nitawaambia nini?"

Niligeuka. Mama alikuwa amenyoosha mkono. Nilimpa simu. Alizungumza Kiingereza chake cha shule ya Mbale, taratibu, na hakuongea juu ya ufa wala maji. Alisema yeye pia ni mtu wa kahawa. Alisema walikuwa wameegemeza mibuni. Alimtaja dada yake kwa jina, jina ambalo sisi wanawe tulikuwa tukilisikia kwa mara ya kwanza. Kisha alisikiliza kwa muda mrefu, akasema, "Ndiyo. Najua ni mwaka mzima wa kahawa. Ndiyo, dada." Akanirudishia simu, ikiwa imekatika.

Yaliyotokea baadaye niliyapata kwa anti mwenyewe, mnara uliporudi. Alipanda begani mwa kilima na vijana wawili, katika mvua ile, akaubomoa mlango aliouziba kwa mikono yake. Maji yalishuka kwa mfereji wa upande wa pili, mbali na laini, hadi kijitoni, na yalikuwa mengi kiasi kwamba wanawake wa laini walitoka barazani kutazama kijito kikigeuka rangi. Walijua maji yale ni nini. Walikuwa wamepita chini ya vinyunyizio vyake Machi. Hakuna aliyewaambia neno. Walimwona mwenye shamba akimwaga kahawa yake ya mwakani mtoni, wakaingia ndani, wakafunga vyombo vyao.

"Mmoja aliniuliza kama nimepata kichaa," anti alisema. "Nikamwambia bado."

Kilima hakijaanguka. Septemba inaisha, na mvua za kule zinapungua. Watu wa laini wako katika madarasa ya shule isiyotumika, kijiji cha pili. Bwawa limebaki bakuli la tope. Ufa, anti anasema, sasa ndama anaweza kuingia, na miti imeinama zaidi, kisha imesimama hivyo. Tembo wamepita katika laini tupu na kumaliza migomba.

Juzi nikiwa kazini, nikijaza mitungi, nilijikuta natamani kianguke. Kianguke sasa, mchana, kikiwa hakina mtu chini yake, ili yaishe, na ili ijulikane kwamba sikuota. Nilishtuka hadi nikamwaga mbegu kaunta nzima. Nilimwambia mama. Alifikiri kidogo, akasema hata yeye ameanza kutamani hivyo, na anamwonea aibu anti, kwa kuwa shamba ni lake.

Jana anti alipiga simu mwenyewe. Mavuno yanaanza Novemba, maua ya Machi yamekuwa matunda, na matunda hayangoji. Shule iko mbali, wachumaji hawawezi kutembea mwendo ule asubuhi na jioni na kuchuma katikati. Shamba la jirani limeshaanza kuwaita. Wenyewe wanamuuliza kila siku, na baadhi yao wameanza kurudisha vyombo mchana, kidogo kidogo, sufuria, mkeka.

"Niambie," alisema. "Warudi?"

"Wasirudi, anti."

"Hadi lini?"

 Nilijua kila kitu kuhusu kilima kile isipokuwa hicho. Alingoja. Hakukata simu, nami sikukata, na kwa upande wake nilisikia mvua nyepesi ikianza tena kugonga bati.